Diski Iliyobaki Januari

Umeme wa Unguja ulikatika Desemba 2009, haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi ile kila duka lilikuwa na jenereta lake mlangoni, na jenereta dogo likikaribia kumaliza petroli halizimiki papo hapo: umeme hupanda na kushuka kwanza, vifaa vikaumia. Umeme uliporudi ndipo tulipoanza kuletewa majeruhi hao kwenye duka letu la ufundi pale Darajani.

Maalim alikuja baada ya Alasiri, kabeba kisanduku ndani ya kikapu cha ukili.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nyimbo zangu sizioni."

Kisanduku kilikuwa cha diski mbili za kompyuta, zimeunganishwa kwa RAID 1: kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye ya pili papo hapo. Humo alihamishia kanda zake za taarab, za maarusini na za mazoezi ya klabu, nyingi zimeshaharibiwa na unyevu. Na Februari, katikati ya giza lile, alimrekodi bibi mmoja wa Wete, Pemba, bingwa wa nyimbo za zamani, moja kwa moja kwenye kompyuta. Za bibi huyo hakuna kanda.

Fundi aliyemwendea mwanzo alisikia diski moja ikigonga, tak tak tak, akaichomoa. Akaisoma ile nzima kwa kompyuta yake, bila kuandika kitu, faili zikafunguka. Akamwambia anunue diski mpya aichomeke, kisanduku kitajinakilia chenyewe. Ushauri huo hutolewa kila siku, na mara nyingi ni sahihi. Lakini Maalim aliitafuta sauti ya bibi hakuiona, akazidai diski zake zote mbili akaondoka nazo. Namshukuru Mungu kwa ubishi wake.

Nilizichomeka moja moja kwenye mashine yangu ya Linux, kusoma tu, kuandika marufuku. Diski za mfumo ule hubeba maelezo mafupi karibu na mwisho wake: lini zilisasishwa mara ya mwisho, na hesabu ya mabadiliko zilizoyapitia. Diski nzima ilisema Januari. Ile inayogonga ilisema Machi, na hesabu yake ilikuwa juu zaidi.

Kumbe ile nzima ilishatengwa tangu Januari, nadhani siku jenereta lilipoyumba, na kazi yote baada ya hapo ikabebwa na mwenzake peke yake. Taa ya hatari iliwaka, lakini kisanduku kilikaa chini ya meza, kimefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi.

"Maalim, nyimbo zimo kwenye hii mbovu."

Lau mtu angezirudisha zote mbili na kuamuru zisawazishwe kutoka kwenye ile nzima, Januari ingeandikwa juu ya Machi, na bibi wa Wete asingepatikana tena. Ndiyo maana naumia mtu akiniambia hahitaji nakala ya akiba kwa sababu ana RAID. Mfumo ule unakukinga na kifo cha diski moja. Ukifuta faili, inafutika kote kuwili.

Ile mbovu niliielekezea feni, nikaipa programu ya ddrescue, ya kunakili diski mbovu. Hiyo husoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, penye ubovu inaruka, halafu inarudi kujaribu kidogo kidogo, na kila hatua inaiandika. Usiku umeme ukakatika tena. Uliporudi, kazi iliendelea pale pale ilipoachia.

Sekta chache, vipande vidogo kabisa vya diski, hazikupatikana. Sekta moja ya diski ile ni baiti 512, na rekodi ya ubora wa CD hutumia baiti 176,400 kwa sekunde, kwa hiyo pengo la sekta moja halifiki milisekunde 3. Katika wimbo mmoja wa bibi lilisikika kama "tik" katikati ya nyuzi za qanuni. Maalim alilisikia, akarudisha nyuma, akalisikia tena. Nikamwambia naweza kulisafisha.

"Liache. Utakuja kuondoa na qanuni."

Nilimpa nakala mbili kwenye diski mbili zisizounganishwa, moja ya nyumbani kwake Kikwajuni, moja ya klabuni. Alikuwa keshafika mlangoni akageuka.

"Na za bibi nitilie kwenye CD, boti ya Pemba inaondoka asubuhi. Mwenyewe bado hajaisikia sauti yake."