Paa Lako Likizalisha Stima, Wewe Ni Mteja ama Nani?

Huku Lanet, Nakuru, mapaa yameanza kung'aa. Na si zile sola ndogo za taa mbili na kuchaji simu, hizi ni paneli za kubeba friji, tivii, hata pampu ya kisima. Kwangu mawazo yalianza ile Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza.

Kile huambiwi dukani ni vile tabia ya nyumba hubadilika. Zamani kazi yangu ilikuwa kununua tokeni, ikiisha nanunua ingine, stima imetoka wapi hiyo si shughuli yangu. Saa hii nguo zinapigwa pasi saa saba mchana, maji yanapandishwa tanki jua likiwa kali, manake usiku tunataka betri ishikilie friji mpaka asubuhi, na watoto wenyewe wanaangalia inverta (ile mashine ya kugeuza stima ya betri iwe ya kutumia nyumbani) kwanza kabla waombe tivii.

Sasa shida ni mchana betri zikishajaa. Jua bado lipo, paneli ziko sawa, lakini stima haina pa kwenda, na kinyozi hapo kona ananunua tokeni. Sheria ya Kawi ya 2019 ilishafungua huo mlango: mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anaweza kuomba mkataba wa kurudisha stima kwa laini ya Kenya Power, mita inasoma inayoingia na inayotoka. Kanuni zake zikaja 2024, na hapo uniti unazorudisha unahesabiwa nusu, tena si pesa mkononi, zinapunguza tu bili yako.

Watu wengi wanalalamikia hiyo nusu. Mimi naielewa kiasi, nguzo na transfoma lazima zilipiwe, halafu sola inajaa mchana na watu wanahitaji stima sana jioni wakirudi nyumbani. Stima ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, hapa hapa kaunti yetu, inatoka mchana na usiku, jua halina hiyo. Lakini basi mwenye betri akirudisha stima saa mbili usiku si apewe uniti nzima? Hapo mtu anaona sababu ya kuongeza betri, na laini inasaidika wakati imelemewa kabisa.

Wenye kuniuma zaidi ni wapangaji. Ukiwa kwa ploti, mita kubwa ni ya landlodi, wewe uko na sabmita, ile mita ndogo ya nyumba yako pekee, paa si lako, na hata ukiwa na pesa ya paneli utazifunga wapi na kesho unahama? Wanabaki kulipa bei kamili wakati sisi wenye paa tunapunguziwa, na hiyo si haki hata kidogo. Ningependa landlodi akiweka sola, uniti zigawanywe kwa kila sabmita na mpangaji aone kwa bili yake amepunguziwa ngapi.

Kama wewe ni landlodi hapa Nakuru ama huko Kisumu na umeshafanya hivyo, niandikie hapo chini vile mnapimiana na mlikubaliana bei gani, kuna wapangaji kadhaa hapa mtaani wanataka kumpelekea mwenye ploti hiyo hesabu.