Sigara nimeacha

Jamani, sigara nimeacha. Nilianza kuvuta nikiwa taniboi wa lori, Malaba hadi Kampala, na miaka yote hiyo foleni ya mpakani bila sigara sikuiweza.

Siku za mwanzo ndizo ngumu, mwili unadai nikotini yake: kichwa kinagonga, hasira za bure, usingizi hakuna. Kilichonisaidia ni kujua kwamba hamu ikipanda haikai, dakika chache inashuka. Natafuna kipande cha tangawizi mbichi, nazunguka lori nikigonga tairi moja moja, nikirudi kwenye usukani imeshapita. Kikohozi kinaweza kuzidi kidogo mwanzoni. Msiogope, kifua kinajisafisha. Mama watoto anasema shati langu sasa linanukia sabuni, na amefurahi mno.

Sheria ya tumbaku ya 2015 hapa Uganda inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na kuuza sigara moja moja pia. Lakini vibandani moja bado unauziwa, na hiyo moja ndiyo inayowarudisha watu. Inaniuma sana. Madereva wenzangu, tukikutana msinikaribishe hata pafu moja. Nikaribisheni chai.