Kamera Imwamshe Dereva, Isimpeleleze

Katika baadhi ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma kwenda Zambia na Kongo, hasa yale ya mafuta na yale ya mizigo ya migodini, siku hizi hufungwa kamera mbili. Moja hutazama barabara, na sijawahi kumsikia dereva akiilalamikia. Wengi huipenda, kwa sababu siku bodaboda anapojichomeka mbele ya lori, picha hujieleza zenyewe mbele ya trafiki na mbele ya kampuni ya bima. Ya pili humtazama dereva mwenyewe, usoni, muda wote ambao swichi ya gari imewashwa. Hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi katika chumba cha ufuatiliaji cha kampuni moja ya usafirishaji, nikiwa miongoni mwa watu ambao ajira yao ilikuwa kutazama sura za madereva.

Kwa asiyeifahamu, kamera hiyo hufungwa juu ya dashibodi au pembeni mwa kioo cha mbele, na hutumia mwanga wa infraredi ili iweze kuona hata usiku wa manane. Programu iliyomo ndani yake hupima muda ambao kope zimefumbwa, upande ambao kichwa kimegeukia, na iwapo mkono umeshika simu sikioni. Macho yakifumba kwa muda unaozidi ule wa kupepesa kwa kawaida, king'ora hulia ndani ya kebini, na katika baadhi ya mifumo kiti hutetemeka. Mpaka hapo sina ugomvi nayo hata kidogo. Lori lililopakia shaba likishuka mlima wa Kitonga alfajiri, baada ya dereva kukesha njiani tangu Mbeya, sekunde mbili za usingizi zinatosha kuwamaliza watu ambao hata hawamjui.

Tatizo huanza na kinachofuata baada ya king'ora. Wakati uleule dereva anaposhtuliwa, kifaa hukata kipande cha video cha sekunde kadhaa, kabla na baada ya tukio, na kukituma ofisini kwa laini ya simu iliyomo ndani yake. Kuna kazi mbili hapa, na hazilazimiki kwenda pamoja: kumwamsha mtu, na kumwekea kumbukumbu. Ya kwanza naiunga mkono bila masharti. Ya pili siiungi mkono kwa namna inavyofanywa sasa, na kinachonikera ni kwamba wenye malori huuziwa ya pili kwa sifa za ya kwanza.

Ofisini kwetu tahadhari zilishuka kwenye skrini kwa mfuatano: usingizi, miayo, simu, sigara, mkanda, kamera imezibwa. Hiyo ya mwisho ilitokea pale dereva alipotundika kofia mbele ya lenzi au kuibandika karatasi ya pipi, naye alipigiwa simu haraka kuliko yule aliyesinzia. Miongoni mwa tahadhari za miayo, nyingi zilikuwa za watu waliokuwa wakiimba, au wakiguguna mahindi ya kuchoma yaliyonunuliwa dirishani. Dereva mmoja, mtu mzima mwenye macho madogo kwa asili, alikuwa akicheka tu mfumo unamhesabu kwamba amelala. Kila alipopiga soga na utingo wake, alama zake za usalama zilishuka, na alama hizo ndizo zilizotumika mwisho wa mwezi kukokotoa posho ya nyongeza.

Siku moja alinipigia kutoka Makambako. Hakuwa na hasira. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hivi hata nikijikuna mnaniona?" Nikamjibu, "Kaka, mwenye nywila akitaka, anakuona." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni hivyohivyo hata akiwa amelala kwenye foleni ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Nikamweleza kwamba kama ameacha swichi wazi ili achaji simu au awashe feni, ni hivyohivyo. Hakuna aliyewahi kumwambia hayo siku alipokabidhiwa gari.

Watu wa ofisini, ambao jioni hufunga milango na kurudi nyumbani kwao, husahau kwamba dereva wa masafa marefu haondoki kazini namna hiyo. Kitanda chake kiko nyuma ya kiti. Kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ambako malori yaweza kukaa kwa siku kadhaa, kebini ndiyo chumba cha kulala, cha kubadilishia nguo, cha kuswalia, na cha kuzungumza na mke kwa simu juu ya ada ya mtoto. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, ya maskani yake na ya mawasiliano yake binafsi, na sioni kwa nini hifadhi hiyo ikatike kwa sababu tu maskani yenyewe yana magurudumu. Nimeona kipande cha video cha dereva aliyelala mdomo wazi, gari likiwa limeegeshwa, kikizungushwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi huku watu wakicheka. Hakikuwa na uhusiano wowote na usalama, na aliyekizungusha hakuulizwa neno.

Wapo watakaosema kwamba ukitaka usalama lazima ukubali haya yote kwa pamoja. Si kweli, na ushahidi upo katika sheria inayotumika tayari. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu usalama wa magari, namba 2019/2144, inayalazimisha magari mapya, malori yakiwemo, kuwa na mfumo wa kumwonya dereva mwenye usingizi. Kwa aina mpya za magari, tangu Julai 2024, inalazimisha pia mfumo wa kumwonya dereva aliyeondoa macho barabarani. Kanuni hiyohiyo inasema mifumo hiyo isirekodi mfululizo, isihifadhi taarifa kupita zile zinazohitajika kwa kazi yake ndani ya gari, isizitoe kwa mtu mwingine wakati wowote, na izifute mara tu baada ya kuzichakata. Kwa maneno mengine, inamwona dereva, inamshtua, kisha inasahau. Kwa kuwa malori mengi ya mtumba tunayoyanunua hutoka hukohuko Ulaya, haitachukua miaka mingi kabla hatujaona lori lenye mfumo wa kiwandani unaosahau, likibandikwa pembeni yake kifaa cha dukani kisichosahau kitu.

Marekani walifuata njia nyingine, nao bado wanagombana. Taasisi ya utafiti ya sekta ya malori nchini humo, ATRI, ambayo hakuna atakayeituhumu kuwa adui wa wenye malori, ilitoa ripoti mwaka 2023 ambamo madereva wanaotumia kamera hizo walizipa wastani wa alama 2.24 kati ya 10. Mwaka huohuo chama cha wafanyakazi cha Teamsters kilipata katika mkataba wake na UPS, kampuni ya kusambaza vifurushi, kifungu cha kuzuia kamera zinazomrekodi dereva ndani ya gari. Miaka miwili kabla yake, madereva wa magari yanayosambaza mizigo ya duka la mtandaoni la Amazon, ambao wengi huajiriwa na makandarasi wadogo, waliwekewa fomu ya kuridhia taarifa za maumbile yao, kama sura ya uso, kuchukuliwa. Asiyetia saini hakuwa na kazi. Fomu ya namna hiyo siwezi kuiita ridhaa. Hapa kwetu mara nyingi hata fomu haipo, na pale ilipo imeandikwa kwa Kiingereza, imefichwa kati ya kurasa za mkataba, na inatiwa saini getini huku gari likiwa linaunguruma.

Si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi mahususi, zisizidi mahitaji ya kusudi hilo, na zisikae kupita muda unaohitajika. Inampa mhusika haki ya kujua kinachoshikiliwa juu yake, na haki ya kupinga uamuzi unaomuathiri uliofanywa na mashine peke yake. Wakenya wana sheria ya aina hiyo tangu 2019, kwa hiyo dereva wa Mombasa hadi Malaba yumo katika hali ileile. Zambia walitunga yao 2021, na Kongo waliweka kanuni zao za mambo ya kidijitali 2023. Safari moja ya kwenda Lubumbashi, basi, hupita chini ya sheria tatu, wakati video yenyewe inaweza kuwa imehifadhiwa katika seva ya nchi ya nne ambayo dereva hata haijui. Yule kaka wa macho madogo, aliyepoteza posho kwa kucheka, ana hoja nzuri kabisa mbele ya Tume, ila hana nakala ya video, hajui mfumo ulimpa alama kwa vigezo gani, na anajua kwamba getini kuna vijana wenye leseni za daraja E wanaosubiri nafasi yake.

Kuna jambo jingine ambalo ripoti za kamera hazilisemi, nalo ndilo lililonifanya nianze kuwa na mashaka na kazi ile. Dereva hulipwa kwa safari. Akikaa bandarini mchana kutwa akisubiri kupakia, kisha akaambiwa gari lazima liwe Tunduma kesho, saa alizozipoteza bandarini atazifidia kwa usingizi wake. Mfumo utatuletea tahadhari za usingizi kuanzia Mikumi, nasi tutampigia kumwambia awe makini. Sikuwahi kuona mtu akimpigia kumwambia: egesha Ruaha Mbuyuni, lala hadi asubuhi, mteja tutamweleza sisi, na posho yako iko palepale. Ofisi iliyomchosha ndiyo hiyohiyo iliyokuwa na ushahidi wa kuchoka kwake, na ushahidi huo ulitumika kumkata posho yeye. Kama tahadhari tatu za usingizi katika safari moja zingemlazimisha msimamizi kulisimamisha gari kwa gharama ya kampuni, ningeitetea hata hiyo kamera inayotuma, japo kwa shingo upande.

Wenye malori nao wana hofu zao za kweli. Mafuta hunyonywa njiani, mizigo huuzwa, na mwenye gari anayedaiwa na benki hawezi kukaa Dar akiomba Mungu tu. Lakini mafuta hayako usoni mwa dereva. Kipimo cha tenki, lakiri kwenye mifuniko, na GPS inayoonyesha gari liliposimama vinamfichua mwizi vizuri zaidi kuliko picha ya mtu anayepiga miayo. Hata Serikali ilipotaka kuyadhibiti mabasi, kupitia mamlaka yake ya usafiri wa nchi kavu, SUMATRA ya zamani na sasa LATRA, ilianza na kufuatilia mwendo kasi na kumtambua dereva kwa kitufe maalumu, na hatua hizo hazikuhitaji kuuangalia uso wa mtu safari nzima.

Ningekuwa dereva anayeandaliwa mkataba leo, ningeomba mambo machache yaandikwe kwa Kiswahili: kwamba kipaza sauti kimezimwa, kwamba video hutoka ndani ya gari pale tu inapotokea ajali au breki ya ghafla, kwamba wanaoweza kuifungua wametajwa kwa vyeo vyao, na kila anayeifungua huacha jina lake kwenye mfumo, na kwamba nikiadhibiwa kwa sababu ya kipande fulani, nionyeshwe kipande hicho kabla adhabu haijaanza. Juu ya yote ningedai breki ya maegesho ikivutwa, kamera ya ndani izimike yenyewe. Hili la mwisho ndilo nililosikia likikataliwa mara nyingi zaidi kwa kisingizio cha gharama, ilhali vifaa vingi vya aina hii hupokea tayari ishara ya swichi, na fundi wa umeme wa magari anaweza kuunganisha waya wa breki ya maegesho wakati wa matengenezo ya kawaida. Anayelikataa aeleze anatafuta nini kwenye kebini ya lori lililosimama.