Kaki ndani ya spika: wimbo wa 1951 na gitaa linalokoroma

Mpelekee fundi redio yeyote wa Tabora spika iliyochanika, hatakuuliza unataka sauti ya namna gani. Ataiziba. Kwake mchano ni ubovu, na mwenye spika naye anaona hivyo hivyo. Mji huu ndio uliotoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na katika muziki ule gitaa la solo lilitakiwa kung'aa, kila noti isikike peke yake. Gitaa likikoroma, watu waligeuka kumtazama mpigaji kana kwamba kajikwaa.

Machi 1951, mjini Memphis, Marekani, mwenye studio mmoja aliletewa spika iliyopasuka, akaijaza karatasi na kuwasha mashine ya kurekodi. Wimbo uliotoka unaitwa "Rocket 88". Wengi huuita wimbo wa kwanza wa rock and roll. Nitarudi kwenye ubishi huo, ila kwanza tuione kazi yenyewe ilivyofanyika.

Lebo ya sahani inasema Jackie Brenston na Delta Cats wake. Bendi ya jina hilo haikuwepo. Waliopiga ni Kings of Rhythm, vijana wa Ike Turner kutoka Clarksdale, jimbo la Mississippi. Ike alikuwa kwenye piano, Raymond Hill kwenye saksofoni ya tenori, Willie Kizart kwenye gitaa, Willie Sims kwenye drams. Brenston alikuwa mpiga saksofoni wa bendi, na siku hiyo yeye ndiye aliyeimba. Anachosifia ni gari, Oldsmobile Rocket 88 lililotoka 1949 likiwa na injini ya V8 yenye nguvu za farasi 135. Wazo lenyewe halikuwa jipya: Jimmy Liggins alikuwa ametoa "Cadillac Boogie" mwaka 1947, na Brenston hakuficha kwamba alichota humo.

Studio ilikuwa Memphis Recording Service, 706 Union Avenue, ambayo Sam Phillips aliifungua Januari 1950. B.B. King, mpiga gitaa wa blues, ndiye aliyewaelekeza vijana wale kwake. Walipanda kwa gari kupitia barabara kuu namba 61, zaidi ya kilomita 100, watu na vyombo wamebanana. Njiani amplifaya ikaumia. Phillips alisimulia kwamba ilianguka kutoka juu ya gari na karatasi ya spika, ile inayotetemeka kutoa sauti, ikapasuka, lakini Ike yeye alisema iliingia maji ya mvua. Aliyewahi kufunga spika kwenye keria ya pikipiki kwenda Sikonge wakati wa masika ataona yote mawili yanawezekana, tena kwa safari moja.

Phillips alitumia gazeti na karatasi ya mfuko, ile ngumu ya kahawia ambayo sisi tunaiita kaki. Aliishindilia humo ndani, wakajaribu, akaipenda. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia habari hii kama bahati nasibu. Kupasuka ilikuwa bahati. Kumweka Kizart mbele kwenye rekodi, badala ya kumficha nyuma ya piano, ulikuwa uamuzi wa mtu aliyesikia kitu. Gitaa lile linapiga mstari mzito wa chini na kujaza nafasi kama saksofoni ya ziada.

Kwa nini mstari wa chini? Karatasi ya spika ikiwa nzima huenda mbele na nyuma kama ngozi ya ngoma. Ukiiwekea kaki inayoigusa kidogo, kila inaposogea inaipiga kaki, nayo kaki inatetemeka kwa mwendo wake yenyewe. Sauti iliyokuwa laini inaota meno. Sasa, noti nzito husogeza karatasi ya spika umbali mrefu zaidi kuliko noti nyembamba. Kwa hiyo mkoromo unajaa kwenye nyuzi nene na kukonda unapopanda juu. Laiti Kizart angepiga solo kwenye nyuzi nyembamba tu, leo pengine tusingekuwa tunaizungumzia spika ile.

Anayeona sauti hiyo ni ya kigeni asogee hadi Dodoma, aangalie ilimba ya Wagogo, ala ya vibati vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye ubao wake kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, kusudi noti isitoke tupu bali itoke na mvumo. Ukitoa utando, mwenye ilimba atakuambia chombo kimeharibika. Kaki ya Memphis ilifanya kazi ile ile, tofauti ni kwamba ilikuwa mbele ya sumaku na waya wa umeme.

Phillips hakuwa bado na kampuni ya sahani. Aliiuza rekodi kwa Chess ya Chicago, na Juni 1951 ikashika namba moja kwenye chati ya muziki wa rhythm and blues, yaani R&B. Ike, ambaye bendi ilikuwa yake, alisema alilipwa dola 20, na alikasirika kuona jina la Brenston peke yake kwenye lebo. Brenston naye hakudumu juu: baada ya miaka michache alirudi kupiga saksofoni katika bendi ya Ike, akafariki 1979. Aliyepanda ngazi ni Phillips. Mwaka 1952 alianzisha Sun Records, na mwaka 1954 akamrekodi hapo hapo Elvis Presley. Mwaka huo huo wa 1951, Bill Haley, aliyekuwa bado mwanamuziki wa country, alikuwa tayari ameurudia "Rocket 88" na bendi yake. Little Richard naye alikiri kwamba piano inayofungua "Good Golly, Miss Molly" aliitoa kwenye kidole cha Ike.

Ubishi wa "wimbo wa kwanza" mimi huupita haraka. Fats Domino alirekodi "The Fat Man" mwishoni mwa 1949. Goree Carter alitoa "Rock Awhile" mwaka huo huo, na gitaa lake nalo limechafuka vizuri tu. Ike mwenyewe alisema wimbo wake ni R&B, ila ndio uliosababisha rock and roll iwepo. Nadhani yuko sahihi. Kitu ambacho "Rocket 88" unaweza kudai bila aibu ni kidogo zaidi na ni kikubwa zaidi: uliwaonyesha wapiga gitaa kwamba ubovu wa spika unaweza kuwa chombo. Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli kabla ya "Rumble" ya 1958. Dave Davies wa The Kinks alichana ya kwake kwa wembe, ukatoka "You Really Got Me" mwaka 1964. Katikati hapo, 1962, watengenezaji wa Maestro walikuwa wameshaanza kuuza kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachochafua sauti, ili usilazimike kuua spika.

Sasa twende kwenye gitaa. Nitaeleza bugi (boogie), ule mstari mzito wa chini unaojirudia, kwa umbo lake la kawaida, siyo kila noti ya Kizart. Waliokulia kwaya wataelewa haraka: mstari ni do, mi, so, la, ti iliyoshushwa nusu sauti, kisha unarudi la, so, mi. Noti nane, kipimo kimoja. Tuanzie noti ya A. Do iko uzi wa 6, ule mnene kuliko zote, kitengo cha 5 (vitengo ni nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa). Mi iko uzi wa 5 kitengo cha 4, so uzi huo huo kitengo cha 7. La iko uzi wa 4 kitengo cha 4, na ile ti iliyoshushwa iko pembeni yake, kitengo cha 5. Kidole cha shahada kinakaa kitengo cha 4, cha kati cha 5, kidole kidogo cha 7, na mkono hauhami. Ukienda D, shusha umbo lote uzi mmoja, uanzie uzi wa 5 kitengo cha 5. Kwa E, sogeza umbo la D vitengo viwili mbele. Mzunguko una vipimo 12: vinne vya A, viwili vya D, viwili vya A, kimoja cha E, kimoja cha D, viwili vya A. Kodi tatu, na hakuna hata moja inayoenda serikalini.

Wengi hawaharibu noti, wanaharibu mwendo. Mpigaji aliyelelewa na rumba hupiga noti nane zikiwa sawa sawa, na bugi inageuka kuwa zoezi la shule. Gawa kila pigo mafungu matatu. Noti ya kwanza ichukue mafungu mawili, ya pili ichukue moja, mwendo uchechemee. Mikono iliyozoea ngoma zetu za mapigo matatu matatu inaujua mwendo huu tayari, ni vidole vya gitaa ndivyo vinavyousahau. Kosa la pili ni kuacha noti zilie zikipandana. Kwenye spika safi husikii sana, ila kwenye spika yenye kaki noti mbili zikilia pamoja zinakuwa uji. Laza kiganja cha mkono wa kupigia karibu na daraja la gitaa, zibane kidogo.

Kuhusu spika, usiguse ile unayoitegemea. Tafuta ya inchi 8 au 10 iliyotoka kwenye redio kuukuu au sabufa iliyokufa saketi. Pima kwa mita ya umeme: spika ya ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikiwa nzima husoma karibu 6 au 7. Mita isipoonyesha kitu, koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma karatasi, imekatika. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, sukuma karatasi taratibu kwa vidole viwili, kimoja kila upande wa kitovu, nguvu sawa. Ukisikia mchakacho kama wa mchanga, koili inakwaruza sumaku. Huo siyo mkoromo tunaoutafuta. Ni spika inayokufa, na ukiilazimisha itaunguza koili yake katikati ya wimbo.

Huna haja ya kuchana chochote. Chukua kaki ya bahasha kavu, ukubwa wa kiganja, ikunje kunje kisha uikunjue ili ibaki na mikunjo. Iweke kati ya karatasi ya spika na kitambaa au wavu wa mbele, upande mmoja, mbali na kitovu. Iguse tu. Anza na sauti ndogo, piga uzi wa 6 peke yake, ongeza taratibu. Sauti ikifa na kuwa kama ya mtu aliyezibwa mdomo, kaki imebana, ipunguze. Ikilia kama nyuki kwenye noti moja tu na nyingine zikawa safi, kipande ni kikubwa na kina noti yake, kikate nusu. Gazeti ni laini mno likiwa peke yake, na nailoni ndiyo mbaya kuliko zote, inapiga kelele ya juu isiyo na mwili.

Ikiwa spika imeshachanika na unataka kuirudisha, tumia solusheni ya kuzibia tairi za baiskeli na karatasi ya shashi, tabaka jembamba mbele na nyuma, uache usiku mzima. Supagluu inakauka ngumu kama kucha, na karatasi itachanika tena kando yake. Solusheni nyingi nayo inaongeza uzito, sauti za juu zinapotea.

Onyo moja kwa wenye amplifaya za zamani za valvu: usiiwashe na kuipiga bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Za transista zinavumilia kukaa bila spika, ila hazivumilii ohm pungufu. Spika mbili za ohm 8 ukiziunga sambamba zinakuwa 4, na amplifaya iliyoandikwa kima cha chini 8 itachemka.

Kurekodi, fanya kama walivyofanya wao: wote chumba kimoja, mara moja, njia moja ya sauti. Kwa simu hiyo inawezekana kabisa. Mwimbaji nusu mita kutoka kwenye simu, spika ya gitaa mita 1 hadi 1.5 ikielekea simu moja kwa moja, drams mita 4 nyuma. Uwiano unaupata kwa kusogeza watu, siyo kwa vitufe. Simu nyingi hupunguza sauti zenyewe zikizidiwa, hivyo drams zikiwa karibu gitaa litakuwa linazama na kuibuka kila zinapopigwa. Rekodi nusu dakika, sikiliza, msogeze aliyezidi, kisha rudia.

Kuanzia Novemba mvua zikianza hapa, kaki inanyonya unyevu na mkoromo unalegea siku hadi siku. Kata vipande vitatu vya ukubwa ule ule siku ulipopata sauti unayoipenda, viweke ndani ya nailoni iliyofungwa, na ubadilishe kabla ya kuanza kuigeuza geuza amplifaya ukidhani ndiyo yenye kosa.