Nilivyofundisha kodata kwa kamongo na mapanki

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Mwanza walikuwa wanazitaja sifa za kodata (kundi la wanyama walimo samaki, vyura na sisi binadamu) bila kukwama: notokodi, yaani ufito unaopinda upitao mgongoni, mrija wa neva upande wa mgongoni, matundu ya koromeo, mkia unaovuka mkundu. Lakini ukiwauliza notokodi ni kitu gani hasa, wengi wanashika pingili za mgongo. Hilo lilinisumbua sana. Anayeamini notokodi ni mfupa hawezi kuelewa mfupa wenyewe ulitoka wapi.

Nikaamua kwenda Mwaloni, Kirumba, kutafuta kamongo, samaki mwenye mapafu, ambaye hajapasuliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Nikukatie vipande?"

"Hapana mama, naomba mzima. Nampeleka darasani."

Akanichagulia mmoja mnene, na mapanki mawili ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, akanipa nyongeza.

Sababu ya kumtaka kamongo ni kwamba samaki huyu hubaki na notokodi nzima, isiyokatika, hadi uzeeni. Tulimkata pande la mviringo nyuma kidogo ya kichwa. Katikati ya nyama palionekana duara jeupe lililopauka, ndiyo notokodi. Juu yake uti wa neva, chini yake mshipa mkubwa wa damu. Nikawaambia wabonyeze kwa kidole. Inabonyea, kisha inarudi. Ndani kuna seli zilizojaa maji, nje kuna ala ngumu, kwa hiyo inasimama imara kama mpira wa kumwagilia bustani uliofunguliwa maji, huku ikiweza kupinda mnyama anapoogelea. Mfupa hauhitajiki hapo.

Ndipo tukachukua panki. Tulitenganisha pingili moja moja, na kila pingili ya sangara ina shimo mbele na shimo nyuma. Kwenye hayo mashimo mna uteute: ndiyo mabaki ya notokodi, iliyobanwa na mifupa ilipokuwa inakua kuizunguka. Kwetu binadamu notokodi hutokea wiki ya tatu ya mimba, na baadaye mabaki yake huwa kiini laini cha zile sahani zilizo kati ya pingili. Binti mmoja alikaa na pingili mkononi akiigeuza, akasema, "Kwa hiyo mwalimu, notokodi ilitangulia, mfupa ukafuata." Sikuwa na la kuongeza.

Kuhusu neva nilileta panzi. Uti wake wa neva unapita tumboni na hauna uwazi ndani. Wa kodata unapita mgongoni na una uwazi, kwa sababu huanza kama bapa la seli linalojikunja hadi kingo zikutane. Hapa huwa siharakishi. Kwa binadamu mrija huo hufunga kabla wiki ya nne baada ya kutungwa mimba haijaisha, wakati mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Foliki asidi hupunguza sana hatari hiyo, lakini inafaa ianze kutumika kabla ya mimba. Wasichana waliokaa mbele yangu wanahitaji kulijua hilo kuliko wanavyohitaji alama za mtihani.

Matundu ya koromeo na mkia niliwaonyesha kwa viluwiluwi wa kwenye majaruba ya mpunga. Unawaweka kwenye beseni la maji ya huko huko (ya bomba yana klorini), unawaacha dirishani, wanafunzi wanachungulia kila asubuhi. Mkia unanywea wenyewe miguu ikishatoka, na notokodi iliyokuwa ndani ya mkia huo inakwenda nao. Sisi matundu yetu hayafunguki kama ya samaki, ila vifuko vyake vya kwanza hutoa mrija unaounganisha sikio la kati na koo.

Kuna kundi moja la kodata ambalo Ziwa Victoria haliwezi kutupa: tunikata, ambao wote ni wa baharini. Wengi wao wakishakomaa huwa kama kifuko kilichoganda kwenye mwamba, na zamani walihesabiwa pamoja na konokono na chaza. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky alionyesha kuwa kichanga cha tunikata kina mkia, notokodi na mrija wa neva. Huyo namchora ubaoni, kichanga kwanza kisha mkubwa, na ninawaacha wanafunzi waamue wenyewe wamuweke kundi gani kabla sijawaambia.