Namna Nilivyochagua Chumvi ya Tangi Langu la Matumbawe

Mtu akisikia kwamba ninanunua chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, hali ninaishi Tudor, Mombasa, na bahari yenyewe naiona kutoka roshani, hushangaa, na ana haki ya kushangaa. Maji ya Bahari ya Hindi yanayoingia kutoka nje ya mwamba wakati wa maji kujaa ni mazuri sana kwa matumbawe, na wafugaji wenye chombo cha kuwafikisha mbali na ufuo wanaweza kuyatumia bila wasiwasi mkubwa. Mimi sina chombo. Maji yaliyo karibu nami ni ya hori, ambayo hupokea mito na mitaro ya mji, na masika yakishika hubadilika rangi na chumvi yake ikapungua. Basi suala langu lilikuwa ninunue chumvi ipi kati ya zile zinazoletwa kutoka nje.

Niseme kwanza neno juu ya chumvi ya mezani, kwa kuwa naulizwa mara kwa mara. Chumvi inayovunwa kwa jua huko Gongoni, kaskazini mwa Malindi, ni chumvi njema ya chakula, lakini karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Sehemu kubwa ya kalsiamu ya bahari hutangulia kuganda kabla chumvi haijafanya chembe, na magnesiamu hubakia katika maji machungu yanayoondolewa mwishoni. Mtu hawezi kuiyeyusha akapata bahari tena.

Kwenye ndoo za chumvi ya akwaria huandikwa maneno mengi ya kuvutia juu ya matumbawe kukua upesi na kupata rangi. Nilijizoeza kuyapita maneno hayo na kuitafuta tarakimu moja, nayo ni ya alkali, inayopimwa kwa digrii za dKH (digrii za Kijerumani za ugumu wa kaboneti). Alkali ndiyo akiba ya bikaboneti ambayo matumbawe magumu huiunganisha na kalsiamu ili kujenga mifupa yao ya chokaa, na ndiyo inayopanda na kushuka upesi kuliko vipimo vingine. Bahari ya wazi huwa na alkali ya karibu dKH 7, kalsiamu ya karibu miligramu 420 kwa lita na magnesiamu ya karibu 1,300. Kalsiamu na magnesiamu za chumvi nyingi za matumbawe haziko mbali na hapo, kwa hiyo hazikunisumbua katika kuchagua. Alkali ndiyo inayotofautiana kweli: Tropic Marin Pro-Reef ya Ujerumani iko karibu na ile ya bahari, ndoo ya buluu ya kampuni ya Red Sea iko karibu dKH 8, na ndoo nyeusi ya kampuni hiyo hiyo, iitwayo Coral Pro, hufika karibu 12.

Wafugaji wengi niliozungumza nao walinishauri kuchukua ile yenye tarakimu kubwa, kwa hoja kwamba matumbawe yanayokua yanahitaji chakula kingi cha mifupa. Hoja hiyo inasikika vizuri mpaka uifanyie hesabu. Tangi langu lina lita 200 za maji, na vipandikizi vya Acropora na Montipora, ambazo ni aina za matumbawe magumu, nilivyopewa na rafiki wa Nyali vilikuwa vimezoea dKH 8. Vipimo vya matone vilinionyesha kwamba tangi linatumia karibu nusu digrii kwa siku, yaani digrii 3.5 kwa juma. Nikibadilisha asilimia 10 ya maji kila juma kwa chumvi yenye dKH 12, alkali ya tangi hupanda kutoka 8 hadi 8.4 tu. Digrii tatu na zaidi zinabaki bila kufidiwa, na bado nitalazimika kutia kila siku myeyusho wa bikaboneti na ule wa kloridi ya kalsiamu, kila mmoja kutoka chupa yake. Chumvi yenye alkali kubwa, kwa tangi kama langu, haiondoi kazi yoyote. Inaongeza tu mruko mdogo kila siku ya kubadilisha maji.

Mruko huo huwa mkubwa siku ya dharura, na hapa ndipo uamuzi wangu ulipoimarika. Samaki akifa nyuma ya mawe au kitu cha sumu kikiingia tangini, dawa ya kwanza ni kubadilisha maji mengi, pengine nusu ya tangi. Kwa chumvi ya dKH 12, nusu ya tangi huiondoa alkali kwenye 8 na kuifikisha 10 kwa muda mfupi, wakati matumbawe tayari yamedhoofika. Acropora katika maji yenye naitreti na fosfeti kidogo hujulikana kuungua ncha alkali inaporuka hivyo. Nilitaka chumvi ambayo ningeweza kuimimina kwa wingi bila kulibadilishia tangi hali yake, kwa hiyo nikachagua ile ya dKH 8, sawa na tangi lenyewe.

Sidai kwamba chumvi yenye alkali kubwa haina mahali pake. Dada mmoja wa Bamburi anafuga matumbawe laini yenye machache magumu kati yake, na tangi lake hutumia takriban digrii 0.1 kwa siku. Akibadilisha asilimia 20 kila juma kwa chumvi ya dKH 12, anafidia yote yaliyotumika bila kutia myeyusho wowote. Kwake yeye ni chaguo la busara kabisa.

Joto na unyevu wa Mombasa navyo vilikuwa na sauti katika jambo hili. Chokaa huganda kwa urahisi zaidi maji yanapokuwa ya moto, na maji yenye alkali kubwa yakiachwa yakizungushwa usiku kucha katika joto letu huacha utando mweupe kwenye pipa, ambao ni alkali na kalsiamu uliyoilipia. Chumvi kavu nayo ina kloridi za magnesiamu na kalsiamu zinazovuta unyevu wa hewa kwa nguvu. Lita 20 ninazobadilisha kila juma huhitaji karibu gramu 760, kwa hiyo ndoo ya kilo 20 ingenichukua kama nusu mwaka, ikifunguliwa kila juma katika hewa hii. Ndiyo sababu nanunua vifurushi vidogo ingawa kilo moja huwa ghali zaidi, navihifadhi katika chombo chenye mfuniko wa mpira, na kabla ya kuchota nakibingirisha ili chembe nzito zilizozama safarini zichanganyike na nyepesi.

Maji ninayotumia ni ya kuchujwa mpaka kipimo cha madini yaliyoyeyuka kisome sifuri. Maji ya visima vya mji huu hupita katika mawe ya matumbawe ya kale na kuja na chokaa yake, ambayo ingejumlishwa juu ya ile ya chumvi na kuharibu hesabu yote. Hutia maji kwanza pipani, kisha chumvi kidogo kidogo huku pampu ikizungusha, kwa kuwa kumwaga maji juu ya chumvi hufanya chokaa kugandia chini.

Kila kifurushi kipya hukichanganya kwanza kando, nikafikisha chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, nikipima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, iliyosawazishwa kwa myeyusho wa kipimo hicho hicho, kisha nikapima alkali. Ikipishana na ya tangi kwa zaidi ya nusu digrii, nabadilisha asilimia 5 kwa zamu badala ya 10 mpaka kifurushi hicho kiishe.