Negativu za zamani msichome jamani

Wadau hili linaniuma kweli. Kila nyumba ninayoingia hapa Kigoma, iwe Mwanga iwe Ujiji, picha za karatasi zimetunzwa vizuri kwenye albamu, ukiuliza negativu, yaani ile mikanda ya filamu iliyotoka kwenye kamera, ziko wapi unaambiwa aa zile nyeusi nyeusi tulishachoma. Jamani zile ndo picha zenyewe!

Picha ya karatasi ni kile fundi alichoamua kukutolea kule chumba cha giza, kakata pembeni, kaziba mwanga kwa mkono uso usije ukawa mweusi, lakini mkanda una kila kitu kamera ilichoona. Kuna mzee wa Ujiji alikuwa mpiga picha miaka ya 70, kaniachia maboksi yake niyaskani, zile negativu za mraba za sentimita 6 kwa 6, na wateja wake wengi walitaka paspoti tu. Kwenye karatasi unaona kichwa na mabega basi. Ukiskani negativu unamkuta mtu kakaa kwenye stuli uani, kavaa shati la kuazima na chini kandambili, jamaa wawili wamemshikia shuka nyeupe nyuma, na pembeni ya shuka watoto wanachungulia. Hao watoto hakuna aliyewahi kuwasafishia picha, wapo kwenye huo mkanda tu, sasa ukiuchoma umewachoma na wao.

Skana lazima iwe na taa kwenye kifuniko, hizi za kutolea kopi hazifai kwa negativu. Mkanda wa milimita 35 mi naskani kwa dpi (nukta kwa kila inchi) 2400 mpaka 3200, picha ya karatasi 600 inatosha, na nyuma yake naskani pia manake ndo kwenye muhuri wa studio na mwandiko. Ile sehemu ya skana ya kuondoa vumbi kwa infraredi, miale isiyoonekana kwa macho, izime kwa mikanda ya blaki endi waiti, chembe za fedha zilizomo zinazuia ile miale, programu inaona picha yenyewe ni uchafu inaanza kuifuta. Vumbi toa kwa kipampu cha mkono, usipangusie kitambaa kibichi, picha imekaa kwenye gelatini, utando mwembamba juu ya mkanda, na gelatini ikilowa inalainika, na kwa unyevu wa huku ziwani kuvu wanaipenda sana. Boksi likinuka siki ujue mkanda umeanza kuoza, skani huo kwanza na uutenge, mvuke wake unaozesha na mingine.

Huna skana? Fungua skrini nyeupe kwenye tableti, inua negativu juu kidogo ya kioo ili vidoti vya skrini visitokee, zima taa za chumbani, piga na simu halafu geuza nyeusi iwe nyeupe. Si sawa na skana ila sura zinatambulika. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa.

Mzee bado anawakumbuka wateja wake, nikimfungulia kwenye laptopu anataja mmoja mmoja na mi naandika jina kwenye faili palepale. Mwenye maboksi Gungu, Kibirizi, popote, aniambie, nakuja na skana yangu.